Twende Kwihara kwa Boti na Basi



Katika vikao vyetu vya kina mama hapa Unguja, miji ya mbali tunaijua kwa majina na kwa bei. Tunajua Dubai inauzwa nini, Maskati udi gani unanukia zaidi, Istanbul mapazia yanapatikana mtaa gani. Makka na Madina, Mungu atujaalie sote, tunazizungumza kama mitaa ya jirani. Lakini ukitaja Tabora, mtu anakuuliza, "Kuna nini huko?" Na ukitaja Kwihara, wengi wanadhani umetaja jina la mtu.

Rai yetu leo ni hii. Mwanamke wa visiwani mwenye afya na mwenye uwezo wa nauli aende Kwihara, walau mara moja katika umri wake, na asiende kwa ndege. Apande boti mpaka Dar es Salaam, kisha apande basi mpaka Tabora, na kutoka hapo achukue bajaji mpaka Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hatusemi hivi kwa ajili ya kubana matumizi. Tunasema hivi kwa sababu njia ile ndiyo iliyoujenga mji wetu, na kwa sababu yako mambo tunayaficha ndani ya nyumba zetu ambayo hayasemeki vizuri mpaka uone yalikotoka.

Tuanze na safari yenyewe, maana kuna wanaotamani lakini wanaogopa.

Hofu ya kwanza ni bahari. Hatuwezi kuidharau hofu hiyo. Tarehe 10 Septemba 2011 tulipoteza watu wetu katika MV Spice Islander ikielekea Pemba, na haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mungu awarehemu wote. Ipo mitaa hapa ambayo mpaka leo mama hataki kusikia mtoto wake kapanda chombo. Sisi tunasema: hofu hiyo itumike kuchagua, isitumike kufunga mlango. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama tiketi umeshakata. Kukiwa na upepo mkali na safari ikaahirishwa, usigombane na mtu wa tiketi, mshukuru. Jua koti la kuokolea liko wapi kabla hujatafuta kiti cha dirishani. Boti za kasi za siku hizi huchukua kama saa mbili. Kwa anayechafukwa na moyo, kaa chini na nyuma, kula kidogo kabla ya kupanda, chukua kipande cha tangawizi au limau la kunusa, na usome dua ya safari.

Hofu ya pili ni Dar es Salaam yenyewe, ile ya kushuka bandarini ukakutana na vijana kumi wanaotaka kubeba begi lako. Panga mapema nani atakupokea au utapanda nini. Mabasi ya bara yanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa mwaka 2021, nayo iko mbali na bandari. Ukishuka boti ya jioni, lala Dar. Usijaribu kuunganisha siku hiyo hiyo. Basi la Tabora linaondoka asubuhi na mapema, na linatembea siku nzima: Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Itigi, mpaka unaingia Tabora usiku. Ni zaidi ya kilomita 800. Kama mgongo hauruhusu, tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda mpaka Dodoma, basi unaweza kupumzika Dodoma usiku mmoja kisha ukaendelea kwa basi kesho yake. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini sisi tunapendelea ya mchana. Faida ya njia hii ni kuiona, na usiku huoni kitu.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wanawake wengi wanalinong'ona tu. Basi likisimama porini, konda akasema "dakika tano, chimbeni dawa", wanaume wanashuka wanageukia miti, yamekwisha. Mama mtu mzima mwenye baibui, mama mjamzito, msichana aliye katika siku zake, afanye nini? Wengi wetu tunajibu kwa kutokunywa maji tangu alfajiri. Tunafika na kichwa kinagonga, na figo zimefanya kazi ya punda. Hili si jambo la kuvumilia kama vile ni sehemu ya safari. Tunawaomba wenye mabasi na wanaosimamia barabara: kila baada ya saa chache pawe na kituo chenye choo cha wanawake kilicho safi, maji ya kutosha, na sehemu ya kuswalia, na abiria aambiwe tangu asubuhi vituo viko wapi. Mwanamke anayejua kuwa saa nne atapata choo atakunywa maji yake kwa amani. Nasi abiria tuna wajibu. Wakati wa kukata tiketi tuulize: mnasimama wapi? Tukiuliza wengi, watajifunza kujibu.

Swala, alhamdulillah, imefanyiwa wepesi. Msafiri hupunguza zile za rakaa nne zikawa mbili, na hujumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa hivyo kituo cha chakula mchana, ambapo basi hukaa muda mrefu kidogo, kinakutosha kwa swala mbili ukijipanga. Shuka ukiwa na udhu kama unaweza. Beba chupa ya maji ya kutawadha mbali na ya kunywa, mswala mwepesi, na mtandio mpana. Alfajiri haipunguzwi wala haijumuishwi, basi iswali kabla ya kwenda stendi. Chakula cha njiani kipo, lakini masurufu ya nyumbani yana baraka yake: mikate ya ufuta, visheti, mayai ya kuchemsha. Na ukigawa kwa jirani wa kiti, hutakosa wa kukulindia begi.

Swali la maharimu tunalijua, na hatulikwepi. Hadithi za Mtume (s.a.w.) kuhusu mwanamke kusafiri zinajulikana, na wanavyuoni wamezungumza kwa kirefu juu ya usalama wa njia na kufuatana na wanawake waaminifu. Hapa hatutoi fatwa. Kila mmoja amuulize mwalimu wake anayemwamini. Sisi tulikwenda na kaka, na waume, na vijana wetu wa kiume, na tukaona faida ambayo hatukuitegemea: mambo tuliyoyasikia Kwihara hayakuwa ya wanawake peke yao.

Sasa tuzungumze njia hii ni ya nani.

Ukipita Dodoma na kuingia Manyoni, unapita nchi ya Wagogo. Misafara ya zamani ilipita humu kwa kulipa hongo kwa watemi, kwa vitambaa na shanga, maana maji yalikuwa yao na chakula kilikuwa chao. Baada ya hapo, kuelekea Tabora, palikuwa na pori ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliogopa kuliko pote, wakaliita Mgunda Mkali. Siku baada ya siku hapakuwa na kijiji wala kisima cha uhakika. Aliyechoka humo aliachwa humo. Leo lami imepita, na kipande cha Nyahua mpaka Chaya, kilomita 85 hivi, kimejengwa kwa mkopo wa Kuwait. Basi linalivuka pori kwa saa chache, abiria wamelala, redio inaimba.

Usilale. Tazama dirishani. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini tunasema usipande ndege. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Henry Stanley, aliyekuwa na haraka na fedha, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Kwihara Juni. Miezi mitatu. Hao walikuwa na punda, na mahema, na watu wa kuwabebea. Waliowabebea walitembea kwa miguu na mzigo kichwani au begani. Unapokaa kwenye kiti saa kumi na nne ukalalamika kiuno, mwili wako umeanza kujifunza kitu ambacho hakuna darasa la skuli lililotufundisha.

Na wanawake walikuwemo. Hili ndilo linalosahauliwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kwa fahari, na baadhi yao walifuatana na wake zao waliobeba vyungu na chakula, wakapika jioni, na kesho wakatembea tena. Mwanahistoria Stephen Rockel amewaandikia kitabu kizima wapagazi hawa, na wanawake wamo ndani yake. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa, wanawake kwa watoto, waliotolewa mbali huko Manyema na kandokando ya Ziwa Tanganyika, wakaburutwa kuelekea pwani. Pembe za ndovu zilizobebwa kwa ujira na binadamu waliouzwa walipita njia moja, na mwisho wa njia ulikuwa Unguja.

Ndiyo maana mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii UNESCO, katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji.

Kwihara yenyewe leo ni mahali pa utulivu. Kuna tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa, iliyohifadhiwa kuwa makumbusho. Watu huiita tembe ya Livingstone, lakini ilikuwa nyumba ya Waarabu waliotoka kwetu. Pwani nzima ilikuwa imehamia hapa. Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi na ambaye nyumba yake ingalipo Mji Mkongwe, baba yake alikuwa na makazi Tabora, na alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hivyo anayesema Tabora si kwetu hajui mashemeji zake.

Stanley alifikia Kwihara mwaka 1871, akakwama kwa sababu Waarabu walikuwa vitani na Mirambo. Alipomkuta David Livingstone Ujiji, walirudi pamoja wakafika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki kungoja wapagazi waliotumwa kutoka Unguja, mpaka mwishoni mwa Agosti alipoondoka kuelekea kusini, na hakurudi tena. Mambo haya yanasimuliwa kila siku, na ukifika utayasikia.

Lakini katika miezi ile ya kungoja, humo Kwihara, alikuwemo mwanamke anaitwa Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, na alikuwa mtumwa. Mumewe alikuwa Amoda. Siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akaondoka. Livingstone akaandika barua kwa jirani yake Mwarabu ili atafutwe. Kumbe Halima amesharudi mwenyewe, amesimama nje, anangoja bwana atoke amwambie aingie. Kila mmoja wetu anamjua mwanamke huyu. Hasira zimekwisha, miguu imemrudisha, lakini kizingiti hakivuki mpaka aitwe kwa heshima. Livingstone akatoka, akamwita, akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Kisha katika shajara yake akaandika kumsifu, kwamba ni mwerevu na mwangalifu, haibi wala hamwachi mumewe aibe. Na akaandika ahadi: watakapofika Unguja atamwacha huru, na atamnunulia nyumba na bustani.

Nyumba na bustani, Unguja. Huku kwetu.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Majina ya Susi na Chuma, walioongoza kazi ya kuubeba mwili wake mpaka pwani, yamo katika vitabu vya watoto. Halima na Ntaoeka walikuwemo katika msafara huo. Walipita tena Unyanyembe, wakalivuka Mgunda Mkali, na mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874. Aprili mwaka huo ukazikwa London, katika Westminster Abbey. Mtu aliyetoa ahadi akapata kaburi la wafalme. Ahadi yenyewe haikuwa na mtu wa kuitimiza. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya ambayo sehemu yake ya kwanza anaisimulia Halima mwenyewe. Ilibidi mwanamke wa Zimbabwe atukumbushe mwanamke aliyekuwa akiota bustani ya Unguja.

Tunataka kila mtoto anayefikishwa Kwihara alisikie jina la Halima pamoja na lile la Livingstone. Lakini hatutaki kuishia kwenye makumbusho. Jambo hili lina mlango wake hapa hapa nyumbani, na mlangoni tumekaa sisi wanawake.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, mwaka ule ule Livingstone aliofariki. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Lakini sheria ile iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao wamo majumbani kama wake. Walisubiri mpaka 1909. Mwanamke ndiye aliyefunguliwa mwisho. Na mwanamke ndiye aliyeamua haraka namna ya kuonekana huru: badala ya kaniki, iliyokuwa nguo ya mtumwa, akavaa kanga. Kanga hii tunayojifunga leo na kuipeleka kwenye harusi kama zawadi, waliowahi kuitangaza kuwa ni nguo ya mtu huru ni bibi zetu hao.

Sasa tazama tunavyofanya. Posa inapokuja, kijana ana dini, ana tabia, ana kazi. Wanaume barazani wameridhika. Ndani, kwa wanawake, linaulizwa swali la sauti ya chini: "Hao ni watu gani?" Haliulizwi jina la mtaa, linaulizwa jina la ukoo, na nyuma ya ukoo kuna neno ambalo halitamkwi. Posa inarudishwa kwa udhuru wa uongo. Msichana analia, hajui kwa nini. Mama wa kijana anajua kwa nini, na anakaa na fundo hilo mpaka kaburini. Miaka zaidi ya mia moja baada ya sheria, bado tunauza watu kwa macho.

Tuseme kweli. Wengine katika sisi ni wajukuu wa waliopanga misafara. Wengine ni wajukuu wa Wanyamwezi waliobeba pembe kwa ujira wao, wakaja Unguja wakabaki. Wengine ni wajukuu wa walioletwa na kamba. Na familia nyingi, zikihesabu bibi zote na si babu peke yao, zina hao wote watatu katika sahani moja. Nasaba tunazojivunia huandikwa kwa majina ya baba. Ukiuliza majina ya mama, kimya kinaingia chumbani.

Kuna watakaosema, ya nini kufukua? Visiwa hivi vimeumizwa vya kutosha na maneno ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa, na damu imewahi kumwagika. Ni hoja nzito, nasi tunaiheshimu. Ndiyo maana hatusemi tuanze kunyoosheana vidole katika vikao. Tunasema twende mahali ambapo kila upande una kaburi lake. Kwihara hapana anayeweza kusimama akajivuna. Mwenye babu aliyekuwa na tembe ataona ukuta wa udongo unaohitaji kukandikwa kila mara usianguke. Mwenye bibi aliyepita hapo na mzigo ataona kwamba bibi yake alitembea njia ambayo wanaume wenye bunduki waliandika vitabu kwa kuitembea mara moja. Kimya chetu hakijaleta suluhu. Kimya kimeiacha aibu ikae kwa aliyedhulumiwa.

Na dini yetu haikutuacha bila mfano. Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyemlea Mtume wetu (s.a.w.) baada ya mama yake kufariki, na Mtume alimheshimu kama mama mpaka mwisho. Anayerudisha posa kwa sababu ya bibi wa bibi wa kijana, atuambie angemwambia nini Ummu Ayman akibisha hodi. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie ya waliotutangulia. Kwa miaka mingi tumeifahamu amri hiyo kwa nchi za mbali. Kuna nchi iliyo siku mbili kutoka hapa, kwa boti na basi, ambayo inatuhusu zaidi.

Basi kina dada, jipangeni. Muda mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni, mvua zimekatika na skuli zikifunga mnaweza kwenda na watoto wakubwa. Ukitaka maembe subiri mwisho wa mwaka, lakini vaa viatu vya matope. Msiwe wengi sana, sita au wanane mnatosha, na wamo wanaume wenu. Tafuteni mwenyeji Tabora kabla ya kuondoka. Ni mji wenye Waislamu wengi, adhana utaisikia, na Kiswahili chao ni kizuri, ila watawacheka kidogo kwa lafudhi, nanyi mtawacheka. Kaeni siku tatu zisizopungua. Siku ya kwanza ni ya kunyoosha miguu. Siku ya pili nendeni Kwihara asubuhi jua halijakuwa kali, msikilize, muulize maswali, na ulizeni habari za wanawake. Siku ya tatu nendeni sokoni: asali ya Tabora haina mfano, na nunueni michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vinavyokaa muda mrefu bila kuharibika.

Mkirudi, pelekeni asali kwa mama mmoja ambaye mnajua posa ya mwanawe iliwahi kurudishwa. Hakuna haja ya hotuba. Kaeni naye, mnywe chai, mumwambie mlikotoka na mliyoyasikia kuhusu Halima. Na posa nyingine itakapokuja katika ukoo wenu, lile swali la sauti ya chini likaanza, mmoja wenu awe na ujasiri wa kusema kwa sauti ya kawaida: "Ana dini, ana tabia, mengine hayatuhusu."

Mungu atujaalie safari njema, atulinde baharini na barabarani, na atupe nyoyo za kusema kweli kwa upole.

Wassalaam.